Nani Anaijaza Jela?



Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa jela na njia mbadala za jela. Ningeweza kuzunguka dunia nikachota kidogo huku na kidogo kule, lakini jambo hili halieleweki kwa juujuu. Kwa hiyo nitakaa mahali pamoja, jela ya Kaunti ya Cook jijini Chicago, Marekani, na nitatoka hapo mara chache tu. Nimeichagua kwa sababu kwa miaka hamsini imeshitakiwa, imekaguliwa, imefurika hadi watu wakalala sakafuni, kisha idadi ya watu wake ikapungua kufikia nusu. Yote hayo yameandikwa. Anayetaka kujua jela inaendeshwaje, na nani hasa anayeiendesha, atapata pa kushika.

Kwanza mfumo wenyewe. Huku kwetu mahabusu aliyeletwa leo na mfungwa wa maisha huweza kuwa ndani ya ukuta mmoja. Marekani kwa sehemu kubwa wamewatenganisha. Aliyehukumiwa zaidi ya mwaka mmoja kwa kawaida hupelekwa gereza la jimbo. Jela ya kaunti ni ya waliokamatwa usiku wa jana, wanaosubiri kesi, na wenye vifungo vifupi. Mkuu wake ni sherifu, na katika kaunti nyingi sherifu huchaguliwa kwa kura za wananchi. Wasikilizaji wangu kutoka Kenya wasichanganye mambo: kaunti 47 za Katiba ya mwaka 2010 hazina jela zao, magereza yalibaki mikononi mwa serikali ya taifa. Kaunti ya Marekani ndiyo inayolipa mishahara ya askari jela, inayonunua chakula na dawa, na inayoburuzwa mahakamani mtu akifia ndani.

Kwa siku moja, jela hizi za mitaa nchini Marekani huwa na watu wapatao 660,000. Saba kati ya kila kumi hawajatiwa hatiani kwa kosa lililowafikisha humo. Na kwa mwaka mzima, milango yake huwapokea watu zaidi ya mara milioni saba, wengine wakirudi mara mbili au tatu. Ukizitazama namba hizo mbili pamoja utaona kwamba jela ya kaunti inafanana zaidi na stendi ya mabasi kuliko na ngome. Wengi hukaa siku chache, wachache hukaa miezi, na kazi kubwa iko mlangoni.

Sasa niulize swali ambalo mhadhara huu mzima umesimama juu yake. Nani anaijaza?

Si sherifu. Sherifu wa Cook, Tom Dart, ambaye yuko madarakani tangu 2006, hana mamlaka ya kumkataa mtu aliyeletwa na amri ya mahakama, wala ya kumfungulia kwa sababu tu vitanda vimekwisha. Anayekamata ni polisi wa jiji, na polisi wa jiji wako chini ya meya. Anayefungua mashtaka ni mwendesha mashtaka wa kaunti, naye huchaguliwa kivyake. Anayeamua mtu akae ndani au atoke ni hakimu, na mahakama ina jaji mkuu wake. Fedha zinatoka kwa baraza la kaunti lenye makamishna 17. Kila mmoja wa hawa ana kalamu yake, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba yeye hakuijaza jela. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Watu elfu kadhaa wamefungiwa, na hakuna hata ofisi moja inayoweza kuulizwa kwa nini wako humo wote kwa pamoja.

Usimamizi wa zamani ulitazama ndani tu, na ulikuwa na sababu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ndani ya jela ya Cook wababe miongoni mwa wafungwa ndio waliotawala vyumba. Tungewaita wanyapara. Waligawa chakula, waliamua nani alale wapi, walipiga. Mwaka 1968 aliletwa mkuu mpya, Winston Moore, mwanasaikolojia, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushika kazi ile, naye akavunja utawala wa wanyapara. Wapenzi wa muziki wa bluzi wanaijua jela hii kwa sababu B.B. King alipiga humo mwaka 1970, onyesho lililotolewa kuwa santuri. Ni Moore aliyefungua geti kwa ajili yake.

Lakini msongamano haukuondoka. Mwaka 1974 mahabusu waliishitaki kaunti katika mahakama ya shirikisho, na kesi ile ikaishi miongo kadhaa. Mwaka 2008 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatoa ripoti yake: nguvu kupita kiasi kutoka kwa askari, matibabu duni, ulinzi hafifu kwa wanaotaka kujiua. Mwaka 2010 pande zote zikasaini makubaliano mbele ya jaji, wakaguzi huru wakawa wanaingia na kutoa taarifa. Mwaka 2017 jaji akaridhika, usimamizi wa shirikisho ukakoma.

Siubezi usimamizi wa aina hii hata kidogo. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1976 kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa aliyefungwa ni kuvunja Katiba, na mwaka 1979 ikasema mahabusu ambaye hajatiwa hatiani haruhusiwi kuadhibiwa. Maneno hayo hayana maana kama hakuna mtu wa nje mwenye haki ya kuingia, kufungua daftari na kuhesabu.

Daftari lenyewe linahitaji macho. Jimbo la Texas lina Tume ya Viwango vya Jela tangu 1975, na kanuni yake inamtaka askari amtazame kila aliyefungiwa, uso kwa uso, angalau mara moja kila saa, na kila nusu saa kama kuna dalili ya hatari. Mwezi Julai 2015 Sandra Bland, mwanamke wa miaka 28 kutoka viunga vya Chicago, alisimamishwa na polisi huko Texas kwa kubadili njia barabarani bila kuwasha taa ya ishara. Mabishano yakazuka, akakamatwa. Dhamana ikawekwa dola 5,000, na ili atoke zilihitajika dola 500 hivi. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa katika chumba chake, na uchunguzi rasmi ukasema alijinyonga. Tume ilipokagua ilikuta jela ile haikuwa ikiwatazama watu kila saa kama kanuni inavyodai, na haikuwa na ushahidi kwamba askari wake wamepewa mafunzo ya afya ya akili yaliyotakiwa. Sheria ya Texas ya mwaka 2017 iliyopewa jina lake ikaagiza vifaa vya kielektroniki vithibitishe kwamba askari kweli amefika mlangoni pa chumba, na kwamba kifo ndani ya jela kichunguzwe na chombo kingine, si na jela yenyewe.

Kujiua ndiyo sababu inayoongoza ya vifo katika jela za kaunti za Marekani, na siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Mtu amevuliwa mkanda, amenyang'anywa simu, hajui kama kazi yake itamsubiri, hajui nani amemchukua mtoto shuleni. Kwa hiyo afisa wa mapokezi anayeuliza maswali kwa utulivu, na muuguzi anayesikiliza majibu, ni muhimu kuliko kufuli. Kama kuna maofisa wa mapokezi humu ukumbini, nasema wazi kwamba kazi yenu haithaminiwi inavyostahili.

Hata hivyo, Sandra Bland asingehitaji kutazamwa kila saa kama angelala kwao. Kanuni ya ukaguzi ilivunjwa, ndiyo, lakini kabla ya hapo kulikuwa na dola 500. Usimamizi unaoanza baada ya mlango kufungwa umechelewa.

Turudi Cook tuone jambo hilo kwa namba. Mwaka 2013 jela ilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Mwaka 2019 walikuwa chini ya 6,000. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, jibu la kaunti kwa msongamano lilikuwa kujenga jengo jingine, na kila jengo likajaa. Safari hii kilichobadilika ni dhamana.

Jimbo la Illinois, ambamo Kaunti ya Cook imo, lilikuwa limeshapiga marufuku mawakala wa dhamana wa kibiashara tangu 1963. Mshitakiwa aliweka mwenyewe asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa na hakimu. Ilionekana haki. Lakini mwenye dola 500 mfukoni alitoka alasiri ileile, hata kama alikuwa mtu wa hatari, na asiyekuwa nazo alikaa wiki na miezi kwa wizi wa dukani. Mwezi Septemba 2017 lilianza kutumika agizo la Jaji Mkuu wa mahakama ya kaunti, Timothy Evans: hakimu akitaja kiasi, kwanza ajiridhishe kwamba mtu anaweza kukilipa. Agizo la kurasa chache lilifanya kile ambacho zege halikuweza. Kisha mwaka 2020 ikaja korona, virusi vikasambaa ndani kwa kasi ya kutisha, mahabusu na wafanyakazi wakafa, na mahakimu wakapitia upya majalada kwa haraka; idadi ikashuka hadi 4,000 na kitu. Mwaka 2021 Gavana J.B. Pritzker akasaini sheria ya kufuta dhamana ya fedha, na baada ya kupingwa mahakamani ikaanza kutumika tarehe 18 Septemba 2023. Illinois likawa jimbo la kwanza kuifuta kabisa.

Ielezwe vizuri sheria hiyo, maana imesingiziwa mengi. Haikusema kila mtu atoke. Inasema mwendesha mashtaka akitaka mtu abaki ndani, aombe kwa maandishi, kwa makosa yaliyoorodheshwa, na athibitishe kwa ushahidi ulio wazi kwamba mtu huyu ni hatari au atatoroka, na kwamba hakuna sharti jingine linaloweza kuizuia hatari hiyo. Mshitakiwa ana wakili. Hakimu anaandika sababu. Akiamuru abaki, anabaki, na hakuna fedha ya kumtoa. Tajiri na maskini wamewekwa kwenye mizani ileile. Wapinzani walitabiri gharika ya uhalifu. Mwaka 2024 mauaji katika jiji la Chicago yalikuwa machache kuliko mwaka 2023. Sisemi sheria ndiyo iliyoyapunguza, uhalifu una sababu nyingi. Nasema gharika haikuja.

Kuna kundi ambalo hata sheria nzuri ya dhamana haiwafikii sawasawa, nao ni wagonjwa wa akili. Mwaka 1955 hospitali za serikali za magonjwa ya akili nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Zikafungwa moja baada ya nyingine, na kliniki za mitaani zilizoahidiwa hazikujengwa za kutosha. Watu hawakupotea. Walilala vituo vya treni, wakaiba mkate, wakapiga kelele barabarani, wakaletwa jela. Sherifu Dart kwa miaka mingi amekuwa akisema takriban theluthi moja ya watu wake wana ugonjwa wa akili, na kwamba bila kutaka amejikuta anaendesha moja ya hospitali kubwa za akili nchini. Mwaka 2015 alimteua mwanasaikolojia wa tiba, Nneka Jones Tapia, kuongoza jela nzima. Tangu 2013 wanaopokelewa jelani wamekuwa wakisaidiwa kuomba bima ya afya ya serikali wakiwa bado mapokezi, ili wakitoka wawe na mahali pa kupata dawa.

Ni juhudi za heshima, lakini dawa inayopatikana kwa kukamatwa imepitia njia ndefu na ya ukatili. Mji wa Memphis uliona hilo mapema. Mwaka 1988, baada ya polisi kumuua mgonjwa wa akili aliyekuwa na kisu, walianza kuwafundisha askari maalumu wa kupokea simu za aina hiyo na kumpeleka mgonjwa hospitali badala ya selo. Kaunti ya Miami-Dade, chini ya Jaji Steven Leifman, ilianza mpango wake mwaka 2000, ikafundisha maelfu ya polisi, na hatimaye kaunti ikafunga moja ya jela zake kwa kukosa watu wa kuijaza. Kama mnataka mfano mmoja wa njia mbadala iliyofanya kazi, chukueni huo. Ilianzia barabarani, kabla ya pingu.

Sasa njia mbadala zenyewe. Ya zamani na rahisi kuliko zote ni kumwamini mtu aje mwenyewe. Mwaka 1961, jijini New York, taasisi ya Vera ilianza kuwahoji mahabusu: unaishi wapi, na nani, unafanya kazi gani. Mwenye mizizi mjini alipendekezwa atoke bila fedha. Walirudi mahakamani, tena kwa kiwango kizuri, na mwaka 1966 Bunge la Marekani likabadili sheria ya dhamana ya shirikisho kufuatana na hayo. Utafiti mwingine wa New York, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha mtu tarehe yake ulipunguza kutofika mahakamani kwa takriban asilimia 21 kwa wenye makosa madogo. Wengi tunaowaita walioruka dhamana walisahau, walikosa nauli, au waliogopa kumwomba bosi ruhusa.

Halafu kuna bangili ya mguuni. Mwaka 1983 Jaji Jack Love wa Albuquerque, New Mexico, ambaye wazo hilo lilimjia kutokana na katuni ya Spider-Man, alimfunga mtu kifaa cha kielektroniki mguuni akamwacha aishi kwake. Kaunti ya Cook ikaanza mpango wake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, kwa sababu jela ilikuwa imejaa. Uliongezeka hadi watu zaidi ya 3,000 kwa wakati mmoja. Na hapa nataka nitue kidogo, kwa sababu kifaa hiki sasa kinauzwa kote duniani kama dawa ya msongamano, na kitafika kwetu.

Mwenye bangili yuko nyumbani, analala kitandani kwake, anaona watoto wake. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kwa miaka mingi aliyetaka kwenda kununua chakula alipaswa kuomba ruhusa siku kadhaa kabla. Aliyepata kibarua cha ghafla alikikosa. Betri ikiisha au mtandao ukikatika, kifaa kililia, askari akabisha hodi. Katika kaunti nyingine za nchi hiyo aliyefungwa bangili hulipishwa ada ya kila siku, deni linalomfuata hata baada ya kesi kufutwa. Ndiyo maana sheria mpya ya Illinois iliagiza mwenye bangili apewe angalau siku mbili kwa wiki za kutoka kufanya mahitaji yake. Mwaka 2025 sherifu wa Cook aliacha kupokea watu wapya wa bangili, kazi hiyo ikahamia mahakamani.

Maoni yangu ni haya. Bangili ni mbadala wa jela pale tu inapovaliwa na mtu ambaye bila hiyo angekuwa ndani. Ikivishwa mtu ambaye angepelekwa nyumbani bila sharti lolote, jela haijapungua hata kidogo, imejengewa tawi sebuleni kwake. Kwa hiyo njia mbadala nayo inahitaji msimamizi, tena mkali kuliko wa jela, kwa sababu msongamano wa jela unaonekana kwa macho, ila mateso ya nyumbani hayana mkaguzi.

Msimamizi afanye nini basi? Kaunti ya Lucas, Ohio, ilionyesha jambo ambalo halihitaji kifaa chochote. Mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, watu wa mahakama, wa jela na wa huduma za baada ya kuachiwa walikaa meza moja mara kwa mara wakiwa na orodha ya mahabusu. Jina moja moja. Huyu ana siku ngapi? Tarehe yake ijayo ni lini? Anangoja nini: mpelelezi, ripoti ya daktari, mkalimani, mdhamini? Nani hapa mezani anaweza kukipata kitu hicho wiki hii? Zile kalamu zilizotawanyika, kila moja na ofisi yake, zinakutanishwa mbele ya jina la mtu, na inakuwa vigumu kusema si mimi.

Neno moja kwa wenye ndugu huko Marekani, kwa kuwa ni wengi. Ndugu yako akiwekwa jela ya kaunti na si raia, asikiri kosa ili tu atoke haraka kabla ya kuongea na wakili. Kukiri kosa dogo kunaweza kumfukuzisha nchini. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu ya huko inamlazimu wakili kumweleza hatari hiyo. Amwulize wakili wazi kabisa.

Na neno kwa sisi tulio huku. Kenya ina sheria ya adhabu ya huduma kwa jamii tangu 1998, Tanzania tangu 2002. Vitabu vya sheria tunavyo. Maofisa wa probesheni tunao, ingawa ni wachache na wengi hawana usafiri wa kwenda kijijini kumtembelea mtu. Majaji na mahakimu wanaingia magerezani kukagua, wanaonja chakula, wanasikiliza malalamiko, na ni vizuri waendelee. Ninawaomba, katika ziara ijayo, kabla ya kuonyeshwa jiko na mabweni, waombe kwanza orodha ya mahabusu wote ikiwa imepangwa kuanzia aliyekaa siku nyingi zaidi, na mbele ya kila jina iandikwe kinachosubiriwa na jina la ofisa anayesubiriwa. Kisha wasiondoke mpaka majina kumi ya juu yamepatiwa tarehe.